Sikuugua, Nilibeba Unga

Nangandu Chini,
Lulindi, Masasi.
21 Julai 2025.

Mpendwa mpwa wangu Gasper,

Mimi mjomba wako nina miaka themanini na miwili. Nimezika wake wawili, mapadre watatu na mabwana shamba sita. Reli ya karanga ilifika Masasi nikiwa mchunga mbuzi, wakaing'oa, mimi nipo. Mabomu ya Mreno yalilia ng'ambo ya Ruvuma mpaka kuku wakaacha kutaga, mimi nipo. Mkorosho aliopanda baba yangu hapa mlangoni ulikauka mwaka juzi, na niliyeukata kwa shoka ni mimi, kwa mikono hii hii, kuni zake tukapikia mpaka Pasaka. Basi ukiambiwa mjomba wako amekwisha, kwanza muulize anayekuambia ana miaka mingapi.

Baada ya hayo nakusalimu. Hujambo? Mkeo Rose hajambo? Lile goti lake linapanda ngazi sasa au bado? Na Trevor, mitihani imeishaje? Jina lake linanishinda kulitamka mpaka leo lakini mtoto nampenda. Sisi huku ni wazima. Salfa tumepuliza mara mbili na mikorosho imetoa maua vizuri. Mimi nakula, nalala, na chooni naenda mwenyewe. Hilo la mwisho naliandika kwa sababu najua limeulizwa.

Sasa Gasper, nina hasira, na hasira yenyewe inakuhusu.

Josephina binti yangu amenisomea ujumbe wako wa kwenye simu. Umeandika mwandalieni mjomba nguo zake, tarehe mbili Agosti nakuja kumchukua, atakaa na sisi Dodoma, nyumba ifungwe. Alinisomea polepole na kwa sauti kubwa, kama mtu anayesoma tangazo la mnada, na mimi ndiye ng'ombe. Hukuniuliza. Umeuliza watu wote, mimi hukuniuliza.

Wamekuambia nimepata kiharusi. Wamekuambia nilitangatanga mlimani sijui ninakokwenda, simjibu mtu, mdomo umepinda, mikono hainyanyuki, nikaokotwa. Hata picha wamekutumia, nimekaa juu ya jiwe, kifua wazi, nywele zina majani. Hiyo picha ni yangu, sikatai. Lakini maneno yaliyoandikwa chini yake ni ya watu wasiojua kitu. Nakuandikia kwa mkono wangu, siku ya pili hii naandika, kwa sababu simu ni ya Josephina na nikizungumza anasikiliza mlangoni.

Sikiliza. Mama yako Selestina, dada yangu mdogo, tumbo moja, ziwa moja, alifariki tarehe tano Julai mwaka jana, nanyi mkamzika huko huko Dodoma. Mlisema safari ni ndefu. Mlisema mambo ya baridi na majeneza sikuyaelewa. Nilinyamaza, kwa kuwa msiba si mahali pa kugombana. Ila nilihesabu siku. Mtu wa ukoo wetu akizikwa mbali, mwaka ukitimia ndugu wa ukoo anampandishia unga mlimani Nangandu, kwenye msolo, ule mti wa tambiko wa wazee kule juu, anamwita kwa jina, naye anarudi kwao. Asipoitwa anabaki huko anazunguka kwenye makaburi ya watu asiowajua, hajui hata kuwasalimu kwa lugha yao.

Unga wenyewe ni wa mtama, na anayeutwanga ni mwanamke wa ukoo. Mwanamke wa ukoo alikuwa nani? Alikuwa mama yako. Josephina ni wa ukoo wa mama yake, hili si lake, na sikumwambia kwa sababu si la kumwambia. Nikachukua kinu nikatwanga mwenyewe. Naam, mimi Nikolao, uwanjani, mchana. Wanawake walipita wakicheka mpaka wakashika magoti. Nami nawaambia mpaka leo, ule unga ulikuwa laini kuliko wa mashine.

Sasa ushike hili, maana ndilo lililoleta balaa. Anayepandisha unga anaubeba kwenye kitunga, kwa mikono miwili, mbele ya tumbo. Si kichwani. Na unga kidogo anauweka mdomoni, shavuni. Tangu anapotoka mlangoni mpaka anapofika kwenye msolo hasemi, hasalimu, haitiki. Akifika anaupuliza ule wa mdomoni, ndipo ulimi unafunguka kutaja majina. Akitamka neno njiani, hata marahaba moja, unga umekufa, arudi akatwange upya. Zamani mtu akimwona mzee ana kitunga tumboni alijua. Alishuka njiani, akavua kofia, akanyamaza. Siku hizi hakuna anayejua. Wanajua vocha.

Nilitoka alfajiri tarehe tano. Wa kwanza kukutana naye ni Mama Sharifu, bombani, na ndoo zake.

“Shikamoo babu.”

Nikapita.

“Babu, shikamoo! Babu Nikolao, umenikasirikia nini?”

Mimi nimeshawahi kumnyima mtu marahaba, Gasper? Hata aliyeniibia mbuzi nilimwitikia kwanza ndipo nikampeleka kwa mtendaji. Yule mama ndoo zilimtoka mikononi. Nikamsikia nyuma yangu akimwambia mwenzake, “Hakuitika! Babu Nikolao hakuitika! Na shavu limevimba upande mmoja!”

Kwenye njia panda akanikuta Ebenezer, kijana wa bodaboda, akaniambia panda babu nikusogeze, bure tu. Nikatikisa kichwa. Akapunguza moto akawa anakwenda sambamba nami, ananitazama mdomo. Kisha akageuza pikipiki kwa kasi akaenda zahanati kumwita muuguzi.

Huyo muuguzi anaitwa Claudia. Ni mgeni, ametoka Kilimanjaro, hana mwaka hapa. Simlaumu sana, maana kazi yake aliifanya kama alivyofundishwa. Alisimama mbele yangu akaniambia, “Babu, cheka kidogo nione meno.” Nitachekaje na unga shavuni? Akaniambia, “Babu, sema jina lako.” Kimya. Akaniambia, “Haya babu, nyanyua mikono yote miwili juu.” Na mikono yangu yote miwili imeshika kitunga cha marehemu dada yangu! Nikaikaza zaidi. Akamgeukia Ebenezer akasema, “Vyote vitatu! Mdomo, ulimi, mikono! Hiki ni kiharusi, na saa zinahesabika.”

Nikawapita. Kuwaeleza siwezi, maana kueleza ni kuongea. Nikashika njia ya mlima.

Wewe Nangandu mara ya mwisho ulipanda ukiwa na kaptula, hukumbuki. Chini kuna mashamba ya mbaazi, halafu kuna miti, halafu miti inakoma na jiwe linaanza, na juu ya jiwe kuna udongo kidogo wa vile vichaka vya maua ya zambarau ambavyo havizidi goti. Mwezi huu vyote vimechanua, mlima wote kama umetandikwa kanga. Hakuna anayelima, hakuna anayechunga. Unasikia nyuki na pumzi yako, basi. Ukigeuka nyuma unaiona nchi ya Masasi na mawe yake makubwa yamekaa moja moja, na upande mwingine ule ukuta wa Makonde unaopandisha kwenda Newala, bluu, kama mtu amechora mstari. Kimya chake kinakupanda miguuni. Siku ile nilipofika kwenye maua nikasema moyoni, Selestina, tumebakiza kidogo.

Hatua ishirini. Andika hapo, hatua ishirini kabla ya msolo, nimeshauona, ndipo walipofika. Ebenezer na vijana wawili aliowaokota njiani, na Claudia nyuma anahema. Wakanishika. Mimi nikashika kitunga. Wakavuta, nikavuta. Shati likachanika, ndiyo maana ya kifua wazi. Tukaanguka kwenye vichaka, ndiyo maana ya majani. Na unga wote, Gasper, unga wa mama yako, ukamwagika juu ya maua.

Hapo nikaongea. Niliongea yote niliyokuwa nimeyashika tangu alfajiri na mengine ya miaka ya nyuma. Nilimtukana Ebenezer mpaka kwa babu yake, ambaye namjua na alikuwa mvivu. Nao badala ya kuona kwamba mtu anaongea vizuri bila kukosea, Claudia akasema, “Mshikeni, amechanganyikiwa sasa.” Wakanikalisha kwenye jiwe wakanipiga picha. Wakanishusha, wakanifunga katikati ya watu wawili kwenye pikipiki kama gunia la korosho. Zahanati wakapima presha wakasema iko juu. Ya nani isingekuwa juu?

Rafiki yangu Hamidu, mtani wangu wa tangu jando, siku ile alikuwa Mnyambe kwenye harusi ya mjukuu. Aliporudi akaja moja kwa moja, akaketi hapo kizingitini, nikamweleza. Akacheka mpaka kofia ikamwanguka. Akasema, “Wewe Nikolao, kuongea kwako ndiyo ugonjwa. Siku uliyonyamaza ndiyo siku uliyopona, nayo ndiyo siku waliyokupeleka zahanati!” Kisha akafuta machozi akamwita Josephina, akamweleza mwanzo mpaka mwisho habari ya unga. Josephina akamsikiliza kwa adabu, akasema, “Ahsante baba.” Akaingia ndani, nikamsikia anakupigia wewe, anasema na Mzee Hamidu naye kaanza.

Ndiyo dunia mliyoitengeneza. Wazee wawili wakisema jambo moja, ni wagonjwa wawili.

Basi nikatwanga tena. Tena uwanjani, na safari hii hakuna aliyecheka, walinitazama kama unavyotazama jeneza linapita, na hilo liliniudhi zaidi. Nikachukua boksi la sabuni, nikalipasua, nikaandika kwa mkaa kwa mkono wangu wa darasa la tatu la misheni. Nikaandika hivi: MIMI MZIMA. NIMEBEBA UNGA WA MAREHEMU. SIJIBU MTU. ATAKAYENISHIKA NITAMSHITAKI. Nikalitoboa, nikatia kamba, nikalivaa kifuani. Jumamosi iliyopita, tarehe kumi na tisa, alfajiri, unga shavuni, kitunga tumboni, nikatoka.

Mama Sharifu akaniona. Akafungua mdomo, akaliona boksi, akasoma, midomo inacheza. Akaweka ndoo chini. Akapiga goti pale pale kwenye tope la bomba, bila kusema neno, mpaka nikapita.

Ebenezer akanikuta njia panda. Akasoma. Akazima pikipiki. Akawa anaisukuma nyuma yangu kwa mikono, pikipiki nzito ile, ili isipige kelele, mpaka pale njia ya gari inapoishia. Kila aliyetaka kunisalimu Ebenezer anamwonyesha kidole mdomoni. Sijamsamehe. Lakini hilo nimeliandika kwa sababu lilitokea, na mimi si mwongo.

Claudia naye alikuja, na mkoba wake wa dawa begani. Nadhani alikuja kuniokota nikianguka. Alinifuata mbali, hatua hamsini hivi. Anatoka kwenye mlima mrefu kuliko yote, lakini naona huo mlima wao wanautazama tu, maana alipumzika mara tatu, mara ya tatu akakaa kabisa kwenye maua na kuvua viatu. Mimi nilisimama mara moja, kuwapisha siafu.

Nikafika kwenye msolo. Nikapuliza unga wa mdomoni. Nikaumimina ule wa kitungani chini ya mti, polepole, kwa mkono wa kulia, ukasimama kama kichuguu kidogo, ncha yake kali. Nikawataja. Nikamtaja Namwelu aliyetuleta kutoka ng'ambo ya Ruvuma. Nikamtaja Mkalawile. Nikamtaja bibi Nanchoma, mama wa mama yangu. Halafu nikamwita mama yako. Nilimwita mara tatu, kwa jina lake la unyago ambalo wewe hulijui. Nikamwambia, njoo, wamekuacha mahali pa upepo, mimi kaka yako nimekuja kukuchukua. Sauti ilikatika kidogo. Ni unga, ulikuwa umebaki kooni.

Kisha nikaufunika kwa kitunga, nikashuka. Maana unga unalala, na unatazamwa kesho yake. Ukikutwa umebomoka, aliyeitwa amekataa. Ukikutwa umesimama, amefika. Basi Jumapili baada ya misa nikapanda tena. Siku mbili mfululizo, Gasper, miaka themanini na miwili. Padre anajua. Alishaniambia, mzee Nikolao, ukimaliza ya huko juu usisahau ya huku chini, nami kanisani sijakosa. Safari hiyo ya pili Hamidu alikuja nami mpaka kwenye jiwe, Claudia akaja mpaka juu kabisa, na yeye ndiye niliyemwambia afunue kitunga, ili pasiwe na maneno kwamba mzee aliuona unga wa akilini mwake. Akafunua. Umesimama. Hata sisimizi hakuugusa. Akaniuliza, “Babu, sasa maana yake nini?” Nikamwambia maana yake niandikie cheti. Akaniandikia. Kimo ndani ya bahasha hii, na presha imeandikwa, nzuri kuliko yako.

Sasa turudi kwenye safari yako ya tarehe mbili.

Mimi nimeshahamishwa mara moja. Mwaka wa sabini na nne walinipandisha lori na kuku zangu, nyumba ikabaki nyuma na mahindi yake shambani. Nilikuwa kijana nikavumilia. Mara ya pili haipo. Kwako najua nitakula vizuri. Nitapewa chumba na televisheni. Halafu siku moja nitafia hapo kwenye chumba, na nyinyi mtasema safari ni ndefu. Mtanizika. Mwaka utatimia. Nani atanipandishia unga? Josephina si wa ukoo. Selestina hayupo. Umebaki wewe, mtoto wa dada, na wewe juzi kwenye simu nilikuuliza unitajie wazee wanne tu wa ukoo wako, ukasema mtandao unakatika. Mtandao haukukatika. Nilisikia maji yanachemka jikoni kwako.

Ndicho ninachoogopa, na sijawahi kukuandikia neno ninaogopa. Nimwite kila mtu arudi nyumbani, halafu mimi mwenyewe nibaki huko nazunguka.

Kwa hiyo nakupa sharti, na ni sharti la mjomba, si ombi. Njoo hiyo tarehe mbili, gari lako nakaribisha. Lakini uje na viatu vya kutembea. Jumapili tutapanda Nangandu wewe na mimi, kuanzia bombani, bila maneno, na kitunga nitakibeba mimi ili usiseme nilikuonea. Nikipumzika kabla yako, nguo zangu zipo tayari, Josephina ameshazifunga, nitaingia garini bila kelele na nyumba mfunge. Ukipumzika wewe kabla yangu, na utapumzika, maana nimeona picha zako tumbo lile, basi utaketi pale kwenye maua na utajifunza majina yote kumi na mawili mpaka uyaseme bila kukosea, halafu utarudi Dodoma peke yako. Na kila mwezi wa saba utakuja kuyarudia, mpaka siku nitakayokuwa mimi ndiye wa kuitwa.

Nisalimie Rose, mwambie goti alikande kwa mafuta ya nyonyo. Nisalimie Trevor na umwambie ana mlima. Josephina anawasalimu, ingawa mimi na yeye tunaongea mambo ya chumvi na maji tu kwa sasa. Hamidu anakusalimu, anasema ulimkopa gololi ukiwa mtoto. Barua hii ataibeba mwalimu January anayesafiri kesho, kwa hiyo usiseme haikufika. Mungu na wazee wakulinde barabarani, miguu yako ipate nguvu lakini isipite ya kwangu.

Ni mimi mjomba wako, ninayekupenda na kukukasirikia kwa moyo uleule,

Nikolao Namwelu.

Kama hunisadiki, wapo mashahidi. Wa kwanza ni Claudia muuguzi, ambaye hana ukoo hapa wa kumfanya aseme uongo, na ndiye aliyefunua kitunga. Wa pili ni Hamidu, aliyekuwa kwenye jiwe akanisikia nikishuka naimba. Wa tatu ni mama yako. Huyo hukumuuliza ulipokuwa unamzika. Muulize sasa, yuko huku.